Kwa Kaka Magesa, Uliyetuacha Korongoni

Kaka Magesa,

Nakuita kaka kwa sababu mama yetu bado yu hai na analipenda neno hilo. Angekuwa hayupo ningetafuta neno jingine, na nakuhakikishia lisingekuwa refu.

Sikuulizi hali. Hali yako naiona kwenye simu za watu. Wiki ya tatu sasa siwezi kupanda bodaboda kutoka Bweri kwenda Musoma mjini bila dereva kugeuza shingo na kuniuliza, "Dada, yule wa kwenye video si kaka yako? Yule shujaa?" Najibu ndiyo, ni kaka yangu. Lile neno la pili nimekuwa nikiliacha lipite na upepo. Leo nalijibu, na nalijibu kwa barua ya wazi, kwa kuwa na wewe ulisema mbele ya watu wote.

Nimeiangalia video yako. Umesimama katikati ya msitu wa huko pwani, upande wa Tanga, miti mirefu mpaka inatia kizunguzungu, mizizi imesimama kama kuta za nyumba, ukungu umelala juu ya majani na maji yanadondoka kila upande. Msitu mzuri. Sina ugomvi na msitu. Wewe umevaa kofia yenye unyoya, umeshika fimbo iliyochongwa kichwa cha nyoka, na unawaita wageni wako "yakhe." Yakhe! Mtoto wa Majita, uliyemaliza darasa la saba ukisema "nilikuwaga naendaga" kama sisi sote, leo ulimi umelainika kama umezaliwa Pangani.

Lakini nilichotazama zaidi ni viatu. Mwenyewe unasema mvua huko hunyesha karibu kila siku, na bado viatu vyako havina tope. Nimeirudisha video mara nne kwa ajili ya viatu tu. Kaka, mtu anayetembea msituni hana viatu vya namna ile. Vile ni viatu vinavyoshuka kwenye gari, vikapigwa picha, vikarudi kwenye gari.

Halafu ndipo unapofika kwenye hadithi yako. Unaweka mkono kifuani. "Nyumbani kwetu Mara," unawaambia, "niliwahi kumbeba mwalimu wangu mgongoni. Mvua inapiga, korongo limefurika, mguu wake umevunjika. Wenzangu wote walikimbia. Nikabaki peke yangu na Mungu." Unanyamaza kidogo, unameza mate, unatazama juu kwenye miti. Mama mmoja mgeni anafuta machozi.

Mimi ni mmoja wa hao wenzako waliokimbia. Kumbe! Nilikimbia huku nimeshika mti wa mbele wa machela, upande wa kushoto, na kovu lake liko begani kwangu mpaka leo.

Ngoja nianze mbali, maana watu wataisoma barua hii na wengine hawatujui. Na pia kwa sababu kuna mambo ya kweli uliyonifanyia, nami si mtu wa kuiba haki ya mtu, hata kama mtu huyo ni wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutembea msituni. Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na miwili, baba ameshafariki, na mama anatutuma kuni kwenye msitu wa kilimani, ule unaoanza juu ya mashamba ya mihogo na kushuka upande wa pili mpaka kwenye mawe ya ziwa. Wasichana wenzangu walikuwa wanaokota kuni pembezoni tu, wakiogopa kuingia. Wewe ulinishika mkono ukaniingiza. Ulinifundisha kutokanyaga jiwe lenye utelezi, kukanyaga pembeni yake. Ulinifundisha kwamba ngedere wakinyamaza wote kwa pamoja na mimi ninyamaze. Tulipowakuta siafu wamekata njia, ulinibeba ukaruka nao chini yako, na ni wewe waliyekuuma. Ulicheka tu. Nilidhani hakuna mtu duniani mwenye moyo kama wako.

Unakumbuka tulipokwenda Butiama kwa miguu, kwenye harusi ya binti wa shangazi? Mama alisema tusubiri gari la jirani. Wewe ukasema gari ni la wazee. Tuliondoka alfajiri, mimi nimebeba kuku wa zawadi kwapani, wewe umebeba viatu vyetu vya harusi shingoni ili visichafuke. Njia nzima ulikuwa unanionyesha: huu ni mkwaju, huu ni mvule, kwenye kisiki hiki hulala kanga. Tulipofika kuku alikuwa hoi kuliko mimi. Shangazi alitutazama miguu, akasema, "Hawa ni watoto au swala?" Ulijisikia kama umepewa cheo.

Na ile siku tulipopanda kilima cha juu ya Bunda, mimi nimemaliza kidato cha nne, nimefeli, nalia njia nzima. Ulinipandisha mpaka kileleni bila kusema neno. Huku ziwa, huku mbuga mpaka macho yanaishiwa. Ukaniambia, "Nyangeta, mtu mwenye miguu hajafeli." Maneno hayo niliyabeba miaka mingi. Leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu, kwa sababu sasa najua miguu yako wewe uliitumia kwa kazi gani.

Tulipoanza kuongoza wageni, ilikuwa ni wazo lako, nakubali. Watu walikuwa wanakuja kijijini kuangalia ziwa, wanakaa kwenye mawe, wanakula sato, wanaondoka. Ukasema tuwatembeze msituni. Tukasafisha njia ya juu, inayofuata mgongo wa kilima, miezi miwili ya panga na jembe. Ni saa tatu za mwendo wa taratibu: unapita chini ya mikuyu, unaibuka kwenye miamba, unaliona ziwa chini yako limetandikwa kama shuka, halafu unashuka ufukweni. Wakaja wanakwaya, wakaja walimu, wakaja hata Wazungu wawili watatu.

Na hapo ndipo ulipoanza kuharibika, kaka, ingawa mimi nilichukulia kama mchezo. Uliwaambia wageni ule mkuyu mkubwa ulipandwa na babu yetu mganga. Babu yetu alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kupanda hata mchicha. Uliwaambia kwenye jiwe lenye nyufa alilala simba mweupe. Kila wiki simba alikuwa anaongezeka urefu. Niliponong'ona, "Kaka, lakini si kweli," ulinijibu, "Wewe beba maji. Maneno niachie mimi." Nikabeba maji. Miaka minne nilibeba maji nyuma yako, nikihesabu wageni ili asipotee mtu, nikimsubiri mwenye kifua, nikimfunga kitambaa aliyejikwaa, huku wewe uko mbele kabisa, sauti yako inasikika kuliko ya ndege hondohondo.

Sasa tufike kwenye ile siku.

Mwalimu Esta alikuwa anastaafu. Huyu ndiye aliyetufundisha Kiswahili sote wawili shule ya msingi, kabla hajahamia Bunda. Walimu wenzake wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, walimuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka kuuona tena msitu aliokuwa akiutazama dirishani akitufundisha. Walikuja asubuhi, yeye na kofia ya ukindu na raba nyeupe mpya. Alipokuona alikushika shavu. "Magesa! Ulikuwaga huwezi kukaa kwenye dawati. Kumbe miguu ilikuwa inatafuta kazi."

Ilikuwa masika. Tulikubaliana mimi na wewe jioni iliyotangulia: njia ya juu tu, na saa nane tuwe tumemaliza. Lakini tulipofika kileleni, mmoja wa wale wanaume, mwalimu wa hesabu, akauliza kama kuna maporomoko ya maji, ana simu mpya, anataka kupiga picha. Maporomoko hayapo. Kuna korongo, ambalo wakati wa mvua hushusha maji yote ya kilima kwa mara moja, na wakati wa jua ni mawe makavu. Wewe ukasema, "Yapo. Nusu saa tu."

Nilikuvuta pembeni. Nakumbuka kila neno.

"Kaka, tazama ziwa. Mawingu yale yanakuja huku."

"Mawingu ya ziwa hutishia tu."

"Korongo mvua ikinyesha ni mto. Wewe ndiye uliniambiaga."

"Nyangeta, unanitia aibu mbele ya wageni. Ukiogopa, rudi nyumbani ukamsaidie mama kuanika dagaa."

Ningerudi ningemwacha nani awahesabu? Nikashuka nanyi.

Mvua ilitukuta katikati. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Maji ya kwanza yalikuja mekundu, yana majani na vijiti, yanatufika kwenye vifundo. Ukapiga kelele, "Pandeni! Pandeni juu!" na kwa mara ya kwanza siku hiyo ulisema jambo la maana. Sote tulishika mizizi ya ukingoni tukapanda. Mwalimu Esta alikuwa wa mwisho. Jiwe alilokanyaga lilikuwa na utelezi. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Tulimvuta mpaka kwenye kijukwaa cha mwamba, juu ya maji. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umekaa upande ambao mguu haukai. Hakulia. Aliuma ukanda wa mkoba wake tu, akanitazama. Simu zote hazikuwa na mtandao. Nilikuwa nakata kijiti cha kumfungia banzi nilipokuona umesimama, umevaa koti lako la mvua, umekuwa na rangi ya majivu.

"Nakwenda kijijini kuita watu," ukasema. "Dakika arobaini. Msisogee hapa."

"Tuachie kamba," nikasema. Kamba ilikuwa begani kwako.

"Nitaihitaji kupandia."

Ukaenda. Ulikuwa na haki ya kwenda, kaka. Mtu lazima aende kuita msaada, na wewe ndiye mwenye mbio kuliko sote. Ungenisikia leo nikikutetea kama ungekuwa umeishia hapo.

Tukasubiri dakika arobaini. Tukasubiri saa nzima. Maji yalipanda mpaka yakawa yanalamba mwamba tuliokalia. Mwalimu Esta alianza kutetemeka, midomo ikawa ya bluu, na akaanza kuita majina ya wanafunzi kama anaita mahudhurio. Alipofika kwenye jina lako alingoja. Aliliita mara ya pili. Yule mwalimu wa hesabu akageuza uso.

Nikasema basi, hatungoji tena. Nilikata miti miwili, tukafunga vitenge vya wale walimu wa kike na shati la mwalimu wa hesabu, tukapata machela. Mimi na yeye mbele, yule mwalimu mwingine wa kiume nyuma, na wale wanawake wawili wakipokezana mti wa pili. Hatukuweza kufuata njia uliyopita wewe, ilishakuwa maji. Nikawapeleka kwa kukwea, mahali ambapo hapana njia, nikifuata mizizi ya miti, kwa sababu nilijua mti mkubwa hauoti kwenye udongo unaoporomoka. Hilo pia ulinifundisha wewe. Hatua kumi, tunapumzika. Hatua kumi, tunapumzika. Wakati mmoja nilipiga magoti, mti ukanichana bega, na Mwalimu Esta akasema kutoka juu ya machela, kwa sauti ya darasani kabisa, "Nyangeta, simama wima." Nikasimama.

Karibu na mgongo wa kilima, mvua ikiwa imepungua, tukakutana na watu. Bwire na Masatu, wavuvi majirani zetu, wamebeba kamba na kitanda cha kamba cha nyumbani kwetu. Nilipowaona nililia ndipo nikajua nilikuwa bado sijalia.

"Nani kawatuma?" niliwauliza.

Bwire alitazama chini. "Magesa," akasema. "Magesa ndiye katutuma."

Nikashukuru Mungu. Nikasema, basi kaka alifika. Labda ameteguka mguu. Labda yuko nyumbani anapasha maji moto.

Tulifika nyumbani jua linakaribia kuzama. Mama alikuwa mlangoni. Nguo zako zilizolowa zilikuwa zimeanikwa juu ya kamba ya jikoni, na mezani palikuwa na sahani yenye mifupa ya sato, imekombwa safi. Nikauliza uko wapi. Mama akasema umepata gari la samaki linalokwenda Musoma, umekwenda kutafuta daktari.

Daktari! Miaka mitatu sasa. Hata daktari wa mwezini angekuwa ameshafika.

Tulijitafutia gari wenyewe. Mwalimu Esta alilazwa wiki sita. Mguu haukukatwa, lakini umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na hivi leo anatembea kwa mkongojo pale kwake Kabasa, Bunda, anamwagilia bustani yake akiwa amekaa kwenye kigoda. Wewe ulibadilisha namba ya simu. Baada ya miezi minane ukamtumia mama salamu kutoka Tanga, kwamba umepata kazi ya misitu, kwamba hewa ni nzuri. Hukuuliza habari ya mtu yeyote aliyekuwa kwenye ule mwamba. Hukuuliza kama mdogo wako alitoka.

Na mimi nilikunyamazia. Hapo nina kosa langu na nalisema. Watu waliponiuliza nilijibu, "Kaka alikwenda kuita msaada, na msaada ulikuja." Ilikuwa kweli, au niliamini ni kweli. Nilikudharau kwa kutoroka, lakini nilikuachia hilo moja: kwamba woga ulikushika baada ya kutuma watu, si kabla. Niliuweka ukweli huo mdogo kama mtu anavyoweka mbegu ya mwisho.

Kisha video yako ikaja. Kwanza kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Halafu Jumapili kanisani mtu akaomba kutoa shukrani kwa ajili yako, "kijana wetu aliyembeba mwalimu wake," na kanisa zima likapiga makofi. Mama alikuwa amekaa kando yangu. Hakupiga makofi. Nilidhani ni mikono yake inayomuuma.

Nilikwenda Kabasa nikamwonyesha Mwalimu Esta mwenyewe, kabla hajaonyeshwa na mtu mwingine. Aliitazama mara mbili, miwani puani. Kisha akanirudishia simu.

"Kasoro ileile," akasema. "Nilimwambiaga tangu darasa la sita: Magesa, insha yako nzuri, lakini usijiweke katikati ya kila sentensi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na umeona mimi simo? Kuna mguu tu. Hata jina hakunipa." Akang'oa gugu moja kwenye mchicha. "Sitaki aniombe radhi. Nimefikia umri wa kuweza kuishi bila radhi ya mtu. Lakini asije akarudi kupeleka watoto wa watu kule."

Alisema hivyo bila kujua kwamba siku mbili kabla ulikuwa umenitumia ujumbe. Naunukuu hapa, wasomaji wauone: "Mdogo wangu, masika yakiisha narudi. Tufungue njia ya korongo, wageni wanapenda hatari. Mimi nitaongoza, wewe utakuwa msaidizi wangu kama zamani."

Wageni wanapenda hatari. Mtu aliyeiona hatari mara moja tu katika maisha yake, na aliyoiona aliitazama kwa kisogo, ndiye anayetaka kuiuza.

Basi nikaandika barua hii. Barua ya kwanza haikuwa kama hii unayoisoma. Ilikuwa na aya moja ya kukusifu: kwamba ingawa ulikimbia, ulipofika nyumbani uliwatuma Bwire na Masatu, na kwa sababu hiyo Mwalimu yuko hai. Nikaenda kijijini kumsomea mama kabla ya kuitoa, maana wewe ni mwanawe na sikutaka aisikie kwa majirani. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nilisoma, naye akaendelea kuchambua. Nilipofika kwenye ile aya mikono yake ikasimama.

"Hiyo futa," akasema.

"Ipi, mama?"

"Hiyo ya Bwire na Masatu. Hakuwatuma yeye."

Nikamwuliza nani basi.

"Nani mwingine alikuwepo?"

Kaka, aliniambia yote. Uliingia umelowa, ukaketi, ukamwambia, "Mama, nipe chakula, naondoka." Akakuuliza wengine wako wapi. Ukasema, "Mwalimu keshakufa. Wengine sijui. Wakiniuliza watanifunga." Akakuambia rudi, mdogo wako yuko kule. Ukala. Akakuambia mara ya pili, akakuvua ile kamba begani akakuwekea mkononi. Ukaiweka mlangoni. Ukamwambia, "Ukitoka nje kusema neno, mama, umeniua mimi mwanao."

Ulipopanda gari, yeye, na magoti yale unayoyajua, akatoka kwenye mvua. Alikwenda nyumba kwa nyumba mpaka akawapata Bwire na Masatu ufukweni wakifunga mitumbwi. Akawapa kamba, akatoa kitanda anacholalia yeye mwenyewe. Na akawaapisha. "Nyangeta akiwauliza nani kawatuma, semeni Magesa."

Niliikunja ile barua. Mwisho nikamwuliza, "Kwa nini, mama? Kwa nini ulinidanganya?"

Akarudi kwenye dagaa zake. "Baba yako hayupo," akasema. "Nilitaka ubaki na kaka."

Nimeifuta ile aya.

Unaona, miaka yote nilidhani nakudharau kiasi cha kutosha. Kumbe nilikuwa nakudharau nusu bei. Hofu naijua. Nilikuwa nayo kwenye ule mwamba mpaka meno yanagongana, na yule mwalimu wa hesabu alikuwa nayo, na mmoja wa wale wanawake wawili alijikojolea nikamvisha kanga yangu. Hofu si aibu. Ningekusamehe hofu hata leo, kwa kikombe cha chai. Lakini ulimkalisha mama mbele yako akuangalie unavyotafuna wakati mimi nazama, ukamfunga mdomo kwa upendo wake mwenyewe, na sasa umevaa kofia yenye unyoya unajitwika mgongoni mtu ambaye ulishamzika akiwa hai. Hilo si hofu. Sijui jina lake. Wewe ndiye fundi wa maneno, litafute.

Wasiwasi wako kuhusu njia ya korongo usiwe nao, imefungwa. Mkutano wa kijiji ulikaa, nikasimama nikasema niliyoyasema hapa, Bwire na Masatu nao wakasimama, na viapo vyao wakavifungua mbele ya mama, naye akaitikia kwa kichwa. Tumepanga mawe mdomoni mwa korongo. Njia ya juu inaendelea. Naongoza mimi, pamoja na dada wawili wa pale kijijini ambao wanajua kuhesabu watu, na hatusimulii simba mweupe. Mgeni akiuliza mkuyu ulipandwa na nani, tunamwambia hatujui. Utashangaa wanavyoridhika.

Wiki iliyopita Mwalimu Esta aliomba apande tena. Tulikwenda kwa saa sita njia ya saa tatu. Hakulitaja jina lako hata mara moja, na si kwa hasira. Nilichunguza uso wake nikaona kweli hakuwa na nafasi yako, alikuwa anawatazama ngedere.

Sasa kuhusu kurudi kwako. Rudi. Mama anakutaka, na nyumba ni yake. Pita mlango wa mbele mchana kweupe, umsalimie, umwombe msamaha yeye kwanza, ule atakachokupikia. Ukitaka kwenda Kabasa nitakuelekeza nyumba, lakini sitakusindikiza. Na ukitaka kuuona msitu, hakuna atakayekuzuia, msitu si wangu. Utapanda kama mgeni mwingine yeyote. Utavaa viatu vya tope. Utatembea nyuma yangu, nami nitakuhesabu pamoja na wengine ili usipotee. Na nikisema simama, kaka, utasimama.

Mdogo wako, ambaye hukuuliza kama alitoka,
Nyangeta